Moshi wa Asubuhi: Namna ya Kutia Sili za Vali Nyumbani



Katika wiki hizi za karibuni tumekuwa tukiulizwa sana, msikitini na barazani, juu ya pikipiki zitoazo moshi. Wengi wa waulizao ni vijana waendeshao bodaboda, na baadhi yao ni kina mama waliowanunulia wana wao pikipiki kwa fedha za chama, nao sasa waambiwa kwamba injini imekufa na hapana dawa ila kununua nyingine. Tumeona vyema ukurasa wa leo tuuweke katika jambo hili, kwa kuwa mara nyingi kile kiitwacho kifo cha injini huwa ni kifo cha vijiraba viwili tu, kila kimoja kidogo kuliko ncha ya kidole gumba. Mtu mwenye subira, vyombo vichache na mahali safi aweza kuvibadilisha nyumbani kwake.

Twasema "mwenye subira" kwa makusudi. Kuitia sili mahali pake ni kazi ya dakika chache; kuitia sawasawa ni kazi ya siku nzima. Na hatari iliyomo ni hii: sili mpya iliyotiwa vibaya huvuja kama ile kuukuu, moshi ukarudi, na mwenye pikipiki akasadiki kwamba kweli injini haifai. Akauza kitu kizima kwa bei ya chuma chakavu, au akakopa kununua injini nyingine. Sili iliyoharibiwa mkononi mwa fundi ni kama shahidi wa uongo: humtia hatiani asiye na kosa.

Sisi si mafundi wa kuajiriwa. Lakini tangu ujanani, baada ya darasa za chuoni, jioni zetu tulizipitisha katika karakana ya ami yetu, na hadi leo vyombo vya nyumbani twavitengeneza kwa mikono yetu. Tuyaandikayo hapa ni yale tuliyoyaona yakifaa.

Sili ni kitu gani

Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika pwani yetu, zile za ujazo wa sisi 100 hadi 150, zina silinda moja na vali mbili: ya kuingiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na ya kutoa moshi. Kila vali ina uso bapa uzibao tundu la chumba cha moto, na kijiti kirefu chembamba kinachopanda ndani ya kibomba cha chuma kiitwacho mwongozo. Mafundi wetu hulitumia jina lake la Kiingereza, nalo vinywani mwao limekuwa "gaidi". Msomaji asiingiwe na hofu, kwani gaidi huyu haibi kitu isipokuwa mafuta ya injini, tena huyaiba pale tu mlinzi wake anapochoka.

Mlinzi huyo ndiye sili. Ni kofia ndogo ya raba yenye mwili wa chuma, inayovishwa juu ya mwongozo, na mdomo wake hukikumbatia kijiti cha vali. Mara nyingi mdomo huo hufungwa kwa springi nyembamba iliyo mfano wa pete. Kazi yake si kuyazuia mafuta yasipite kabisa, maana kijiti kikikauka kitasagika. Kazi yake ni kuyapima, yapite machache ya kutosha kulainisha na si zaidi.

Kazi hiyo si nyepesi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufunga mara 3,000 katika dakika hiyohiyo, yaani mara 50 kwa kila sekunde. Sili hukaa katika msuguano na joto hilo kutwa kucha. Siku zikipita raba hukauka, ikawa ngumu kama pembe, mdomo ukalegea, na mafuta yakapata njia ya kuteremka hadi chumba cha moto. Huko huungua, na kuungua kwake ndiko kuleta moshi wa buluu. Anayechelewa kubadilisha mafuta ya injini huiharakishia sili yake uzee.

Tuuhoji moshi kwanza

Kabla ya kushika spana, yatupasa kuhakikisha kwamba mshtakiwa ndiye mkosaji. Moshi una rangi na una wakati wake, na vyote viwili ni ushahidi.

Moshi mweusi hutokana na petroli kuzidi. Huo shida yake i kwenye kabureta au kichujio cha hewa. Moshi mweupe mzito usiokoma, katika gari lenye rejeta, pamoja na maji kupungua, huonyesha kwamba maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa buluu ndio wa mafuta ya injini, nao una milango miwili mikubwa: sili za vali juu, na ringi za pistoni chini.

Ili kuitenganisha milango hii, tuutazame wakati wa moshi. Sili mbovu hutoa wingu la buluu injini inapowashwa asubuhi baada ya kulala usiku kucha, kwa kuwa mafuta yalikuwa yakidondoka pole pole juu ya vali. Kisha baada ya muda moshi hupungua. Vilevile hutoa wingu baada ya mteremko mrefu. Mwenye kutoka Mazeras kuelekea mjini huteremka akiwa ameufunga mkono wa mafuta. Wakati huo mvuto ndani ya njia ya hewa huwa mkali, nao huyafyonza mafuta kupitia kwenye mwongozo. Akifika chini akaongeza mwendo, yale yaliyokusanyika huungua kwa pamoja, na anayemfuata nyuma ndiye aonaye. Hali kama hiyo huonekana kwa pikipiki iliyosimama ikinguruma katika foleni ya feri ya Likoni, kisha ikatia moshi pindi inapoondoka.

Ringi zilizokwisha tabia yake ni nyingine. Moshi wake huendelea, na huzidi pikipiki inapobeba mzigo au inapopanda mlima, na nguvu za injini hupungua. Anayetaka yakini na aazime geji ya kupimia mgandamizo, aifunge mahali pa plagi, aufungue mkono wa mafuta wote, apige kiki hadi mshale usimame, aandike kipimo. Kisha atie kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya injini ndani ya silinda, apime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi ndizo zilizochoka, kwani yale mafuta yameziba nafasi yao kwa muda. Kipimo kikiwa kizuri tangu mwanzo na moshi ni ule wa asubuhi na wa mteremko, hapo twaweza kuzishuku sili kwa haki.

Kuna mambo mawili mengine ya kutazamwa kabla ya yote, nayo hayagharimu kitu. Je, mafuta ya injini yamejazwa kupita alama? Je, mpira wa kupumulia wa injini umeziba au umekunjika? Lolote kati ya hayo laweza kuyasukuma mafuta yasipotakiwa kwenda. Haifai kuipasua injini kwa ugonjwa wa mpira uliokunjika.

Matayarisho

Vipuri vinunuliwe kwa namba ya injini husika, wala si kwa kukadiria kwa jicho. Pamoja na sili, inunuliwe gasketi mpya ya kichwa cha silinda na raba ya kifuniko, kwani zilizokwisha kubanwa mara moja hazirudishwi. Dukani, sili ishikwe mkononi: iwe laini yenye kurudi ikibonyezwa, mdomo usiwe na mkato, na springi yake iwepo mahali pake. Raba ya kawaida ya mafuta huvumilia joto la nyuzi kama 100 hadi 120. Ile iitwayo Viton hufika nyuzi 200. Ikipatikana ya aina ya pili kwa injini yako, kuongeza fedha kidogo si israfu.

Vyombo vinavyohitajika ni hivi: spana na soketi za kawaida, kibanio cha kubana springi za vali, koleo nyembamba, sumaku ndogo, spana ya kupimia nguvu ya kukaza, vibati vya kupimia nafasi ya vali, mafuta safi ya injini, na miwani ya kukinga macho. Springi ya vali iliyobanwa ikiteleza hairuki kwa adabu. Jicho halina kipuri.

Mahali pawe penye kivuli na pasipo upepo. Sisi wa pwani tuna maadui wawili: mchanga na chumvi. Chembe moja ya mchanga ndani ya mwongozo hufanya kazi ya msasa, na hewa ya bahari huanza kukitia kutu chuma kilichooshwa kikavu kabla ya alfajiri. Basi kila kilichooshwa kipakwe mafuta kidogo na kufunikwa kwa kitambaa safi. Kuosha kufanyike kwa mafuta ya taa, uani, mbali na jiko. Petroli isitumike karibu na moto wala ndani ya nyumba. Watoto wasogezwe kando, kwa kuwa vifungo vya vali ni vidogo kama punje za mahindi, na mtoto mchanga hupeleka kila kitu kinywani.

Kufungua

Injini iwe imepoa kabisa. Itolewe tangi, ekzosi na kabureta, kisha kifuniko cha juu. Injini izungushwe kwa mkono hadi pistoni ifike kileleni na vali zote mbili ziwe zimefungwa; alama ya T kwenye magineto na alama ya sproketi ya juu ziwe mahali pake. Tunashauri alama hizo zipigwe picha kwa simu, maana kumbukumbu ya asubuhi si ya jioni. Kikaza cheni kilegezwe, sproketi itolewe, na cheni ya taimingi ifungwe kwa waya isije ikatumbukia ndani.

Boliti ndogo za ubavuni, zikiwapo, zitangulie kufunguliwa. Nati kubwa za kichwa zilegezwe kwa msalaba, kila moja robo mzunguko kwa zamu, wala isifunguliwe moja ikaisha kabla ya nyingine, kwani hivyo ndivyo kichwa kipindavyo. Kikishatoka, kiwekwe mezani juu ya kitambaa.

Hapo kibanio huibana springi. Vile vifungo viwili vya nusu-pete vinavyoishika ncha ya kijiti hulegea, vikatolewa kwa sumaku. Kibanio kilegezwe pole pole, kitolewe kisahani cha springi, springi yenyewe, na pete bapa iliyo chini yake. Pete hiyo bapa ikumbukwe vyema, tutairudia.

Kabla ya kuivuta vali, ncha yake ipapaswe kwa kidole. Kijiti kilichopigwa na roka kwa miaka huwa kimefura ncha au kimeota makali kwenye mfuo wa vifungo. Kikivutwa hivyo kitaukwaruza mwongozo. Makali hayo yasuguliwe kwa jiwe laini la kunolea, yafutwe, ndipo vali itolewe. Sili kuukuu ishikwe kwa koleo, izungushwe huku ikivutwa juu. Koleo isiung'ate mwongozo wenyewe.

Sasa twafika kwenye kipimo ambacho wengi hukiruka. Vali isafishwe masizi, irudishwe ndani ya mwongozo, iinuliwe milimita 10 hivi kutoka kwenye kikalio chake, kisha itikiswe kushoto na kulia. Ikicheza kwa uwazi, mwongozo umekula. Sili mpya juu ya mwongozo uliokula haitadumu, kwa sababu kijiti kitakuwa kikiusukuma mdomo wake huku na huku hadi kuupanua. Kazi ya kubadilisha mwongozo si ya nyumbani. Kichwa kipelekwe kwa fundi mwenye mashine. Kwenda kwake na kichwa mkononi na jibu kamili ni bora kuliko kumpelekea pikipiki nzima na swali.

Kutia sili

Hii ndiyo shabaha ya maneno yetu yote, nasi twaomba isomwe mara mbili.

Kwanza, ile pete bapa ya chini ya springi itangulie. Wako watiao sili wakafurahi, kisha wakaiona pete imebaki mezani. Pete haipiti juu ya sili. Itabidi sili ing'olewe, na sili iliyokwisha kung'olewa haivishwi tena, kwa kuwa mwili wake umekwisha kunyooka na mshiko wake umepungua. Senti zimekwenda, na safari ya dukani inaanza upya.

Pili, itazamwe kama sili mbili hizo ni za aina moja. Katika baadhi ya injini, ya kuingiza na ya kutoa hutofautiana kwa rangi au umbo. Ya upande wa moto isibadilishane na ya upande wa baridi.

Tatu, mwongozo ufutwe kwa nje uwe safi, na mdomo wa sili upakwe mafuta safi ya injini. Raba kavu ikikutana na chuma kikavu, dakika ya kwanza ya injini ndiyo itakayoikata.

Nne, sili isukumwe iende chini ikiwa imenyooka. Kitumike kibomba au soketi ambayo ukingo wake unakalia mwili wa chuma wa sili, usiuguse mdomo wala springi yake. Isukumwe kwa nguvu ya kiganja, au kwa kugonga kwepesi sana, hadi mkono usikie kwamba imekaa: kule kuzama kwa ulaini kunakoma, na sauti hubadilika ikawa ngumu. Hapo tuache. Pigo moja la ziada hulipasua lile bati. Sili zitazamwe kwa ubavu. Zikae sawa, zisiegemee upande. Iliyoinama hugusa kijiti upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili.

Tano, na hili ndilo liharibulo sili nyingi kuliko yote: mfuo wa vifungo. Ncha ya kijiti cha vali ina mfuo wenye kingo kali, na kingo hizo sharti zipite kwenye mdomo wa sili. Zikipita uchi, huuchana mdomo mchano mwembamba usioonekana kwa macho. Basi ncha ivikwe kitu cha plastiki chembamba na laini: baadhi ya sili huuzwa na kijifuko chake, na kikikosekana, kipande cha mrija wa kunywea soda unaoikaa ncha barabara, au utepe mwembamba wa plastiki uliozungushwa mara moja, kisha kikapakwa mafuta. Vali ipakwe mafuta kijiti kizima, iingizwe kutoka chini huku ikizungushwa pole pole, bila kusukumwa kwa kishindo. Ncha ikishatokeza juu, kifuko kitolewe. Tangu hapo vali isirudishwe chini tena bila ya kifuko.

Sita, springi irudishwe. Kama mizunguko yake imekaribiana upande mmoja, upande huo ndio ukaao chini. Kibanio kibane kwa kadiri ya kuonyesha mfuo tu. Kikibanwa kupita kiasi, kisahani hushuka kikaiponda sili tuliyoitia kwa taabu. Vifungo vipakwe grisi kidogo vishike, vikae pande zote mbili, kibanio kilegezwe taratibu. Kisha ncha ya vali igongwe mara mbili tatu kwa mpini wa mbao, vifungo vikae imara.

Mwisho, kichwa kigeuzwe, mafuta ya taa yamiminwe katika tundu la kuingizia hewa na lile la ekzosi, tungoje dakika chache. Yakitiririka kupita uso wa vali, vali hazizibi, na huo ni ugonjwa mwingine unaotaka vali zisagwe kwenye vikalio vyake. Yakitulia, twamshukuru Mola na kuendelea.

Kwa wenye magari

Gari la silinda 4 lenye vali 16 lina sili 16, na siyo lazima kichwa kishuke. Vali huzuiliwa zisianguke kwa njia mbili. Ya kwanza ni hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa kileleni. Hewa hiyo yaweza kuizungusha injini kwa ghafla. Gari litiwe gia na breki ya mkono, na mikono iwe mbali na mikanda. Ya pili ni kamba safi: pistoni ikiwa bado chini kidogo ya kilele na vali zimefungwa, kamba hutumbukizwa kwa tundu la plagi, mwisho wake ukabaki nje, kisha injini huzungushwa kwa mkono, kamwe si kwa stata, hadi kamba ijikusanye na kuzishikilia vali. Matundu yote ya kurudishia mafuta yazibwe kwa vitambaa, kifungo kikidondoka kisifike chini ya injini. Hata hivyo, injini yenye kemshafti mbili na taimingi ya kufunguliwa haifai kuwa darasa la kwanza la mtu. Aanze na pikipiki, au asimame kando ya aijuaye.

Kurudisha na kuwasha

Nyuso za kichwa na silinda zisafishwe pasipo kukwaruzwa, gasketi mpya ikae, nati zikazwe kwa msalaba na kwa awamu, hadi kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini hiyo. Alama za taimingi zirudi kama zilivyokuwa pichani. Kisha injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikataa mahali, isilazimishwe. Vali inagonga pistoni, na alama zirudiwe. Nafasi ya vali ipimwe injini ikiwa baridi. Kwa pikipiki nyingi ndogo huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini kitabu ndicho hakimu.

Mafuta mapya yatiwe. Yale ya zamani yasimwagwe mtaroni, maana mtaro wetu mwisho wake ni bahari tunayoivua. Yatiwe katika dumu yapelekwe gereji inayoyakusanya.

Injini ikiwashwa, moshi waweza kuonekana bado. Asivunjike moyo mtu. Mafuta ya siku nyingi yamo ndani ya ekzosi, nayo yanaungua yaishe. Pikipiki iendeshwe kwa upole siku chache, kisha ihukumiwe kwa ule moshi wa asubuhi, na kwa kipimo cha mafuta: alama ya kijiti iandikwe leo, itazamwe baada ya wiki. Kalamu na karatasi hutoa hukumu ya haki kuliko jicho lenye wasiwasi.

Neno la kumalizia

Tuna nasaha mbili. Ya kwanza twawaelekezea wanaouza. Wako watiao mafuta mazito ndani ya injini ili moshi unyamaze siku ya mnunuzi kuja. Hiyo ni ghushi, nayo haihitaji fatwa mpya. Mwenye pikipiki yenye moshi na aitengeneze, au aitaje aibu yake na kupunguza bei. Ya pili ni kwa wazazi. Kijana akisema ataifungua injini mwenyewe, asikatazwe kwa hofu wala asiachiwe peke yake. Awekewe meza, taa na muda, na aulizwe kila hatua: kwa nini hiki kabla ya kile? Akijibu, aendelee, asipojua, angoje hadi ajue. Ustadi huo wa kungoja utamfaa kuliko pikipiki yenyewe, kwa kuwa waliotangulia walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika injini ufa wenyewe ni mchano usioonekana kwenye mdomo wa kijiraba.

Wabillahi tawfiq.